Kifaranga cha Mzee Kassian

Siku ya Mtakatifu Yosefu, liwe jua au upepo, watu wa bonde la Falgenz hupanda kwa skii hadi kikanisa cha malisho ya juu, wakawashe mshumaa kwa ajili ya watu kumi na tisa waliofukiwa na theluji enzi za babu zao. Mwaka ule taarifa ya theluji ilisema hatari iko daraja la tatu kati ya matano. Daraja la tano halimsumbui mtu. Likitangazwa, hata mwehu hubaki nyumbani akanywa supu. La tatu ndilo linalozika watu, kwa kuwa linamwachia kila mmoja nafasi ya kujidanganya.

Notburga Ladner aliisoma taarifa ile jikoni mara mbili, kahawa ikimpoa mkononi. Upepo wa siku mbili ulikuwa umezoa theluji ya upande mmoja wa milima na kuilundika upande wa pili, juu ya tabaka la zamani lenye chembe kama sukari, lisiloshikana na chochote. Miteremko inayotazama mashariki ndiyo iliyotajwa. Na Shuka, mteremko wa mwisho kabla ya kikanisa, unatazama mashariki.

Alitaka kumuuliza baba yake kama ameiona taarifa. Hakumuuliza. Mzee Kassian alikuwa ameketi kwenye benchi akikaza viatu vyake, mshumaa mnene wa nta umelala pembeni yake tayari, na uso wake ulikuwa umeshaamua.

Usimcheke binti huyu. Alikuwa na miaka thelathini na minane, yumo katika kikosi cha uokoaji cha kijiji, na kwa mikono yake mwenyewe alishafukua watu wanne, wawili wakiwa hai. Lakini mbele ya baba yake alirudi kuwa mtoto wa miaka saba. Majira mawili ya baridi yaliyopita alithubutu kumuuliza mbele ya watu kama ameziona nyufa kando ya njia, naye mzee akamjibu, "Ukitaka kuongoza, kaongoze masufuria." Watu walicheka. Na yeye alicheka, maana angefanya nini? Tangu siku ile, likija jambo la mlima, ulimi wake ulikuwa mzito kama jiwe.

Walifika kwenye daraja la mbao saa kumi na mbili asubuhi, baridi inauma masikio. Wengi walikuwa wamebaki kitandani, kwa hiyo walikuwa wanne tu: mzee Kassian, Notburga, jirani yao Serafin mfuga kondoo, na Roswitha, mwalimu wa shule ya kijiji, ambaye alikuwa na miaka mitatu bondeni na bado aliitwa mgeni.

Darajani ndipo vifaranga hukaguliwa. Kifaranga ndilo jina wanalokiita kile kifaa kidogo ambacho kila mpanda mlima hukivaa kifuani, chini ya jaketi. Kinatuma ishara isiyosikika kwa masikio. Ukifukiwa, wenzako hugeuza vya kwao kutoka kutuma kwenda kutafuta, navyo huanza kulia na kuonyesha namba zinazopungua kadiri wanavyokukaribia. Asiyetuma hatafutiki. Theluji yote huchomwa kwa fito ndefu hatua kwa hatua hadi apatikane, na wa namna hiyo hupatikana kwa ajili ya jeneza tu.

Kwa miaka thelathini mkaguzi alikuwa mzee Kassian. Alikitoa kifaranga chake cha zamani, cha njano, kilichozungushiwa utepe mweusi, ambacho hakijui kurudi chenyewe kwenye kutuma kama vinavyojua vya siku hizi. Akakigeuza kwenye kutafuta, akasimama mwisho wa daraja, wakampita mmojammoja.

"Serafin, unalia."

"Nalia tangu nioe, mzee."

"Burga, unalia. Mwalimu… Mwalimu, rudi. Pita tena." Mzee alikunja uso. "Hiki chako kina njaa. Betri umeweka lini?"

"Krismasi."

"Krismasi ya mwaka gani?" Serafin aliuliza.

"Hebu nyamaza, mchunga kondoo," mwalimu alisema, lakini mashavu yalimwiva.

Mzee hakucheka. Alivua glavu, akatoa betri mpya mkobani, akazibadilisha mwenyewe kwa vidole vilivyokwisha kuwa vyeupe kwa baridi, huku akimpa mwalimu somo refu juu ya betri, uzembe na mazishi. Kisha akampima tena, akaridhika, akarudisha kifaranga chake kifuani, akavuta zipu hadi kidevuni.

"Haya, twende. Hatua kumi kati ya mtu na mtu."

Notburga alikuwa akiutazama mkono wa baba yake. Kila mwaka mkono ule, kabla ya kuvuta zipu, huizungusha swichi irudi kwenye kutuma, nayo swichi hutoa sauti ndogo: tak. Leo hakuisikia. Pengine mto uliimeza. Pengine aliizungusha alipoinama kuokota betri mbovu. Pengine.

Mzee aliinua macho, wakatazamana.

"Nini?" aliuliza.

"Hakuna, Baba."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa. Mafunzo yanasema kiongozi naye apite mbele ya mwenzake, tena Notburga mwenyewe aliwafundisha hivyo vijana wa kikosi. Lakini nani angemwambia mzee Kassian apite? Mganga hajigangi, na huyu hakuwa na wa kumganga.

Wakapanda. Ngozi zilizobandikwa chini ya skii ili zisiteleze nyuma zilikwaruza theluji, na katika kila hatua Notburga aliitunga upya sentensi ileile. Baba, umegeuza? Maneno mawili. Aliyasema kimoyomoyo msitu mzima, kwa upole, kwa mzaha, kwa hasira, na kila alipouona mgongo wa baba yake ukipanda mbele, mpana, usio na shaka, maneno yalimrudi tumboni. Alijiambia atayasema wakati wa kupumzika.

Mpakani mwa msitu walipumzika, wakala mkate mweusi na vipande vya nyama ya nguruwe ya moshi. Mzee alikuwa akimwonyesha mwalimu jinsi upepo ulivyochonga theluji. Notburga alisogea karibu, akafungua mdomo.

"Burga, kula," mzee alisema bila kugeuka. "Unakaa kama mtu wa matangani."

Serafin alicheka, mwalimu akacheka, na nafasi ikapita. Sasa alikuwa na hofu mbili, ya mlima na ya baba, na aibu yake ni kwamba hadi saa hiyo, ile ya pili ndiyo iliyokuwa kubwa.

Juu ya msitu ardhi ilikuwa tambarare. Walikuwa wamefika katikati theluji ilipoguna chini yao. Vuuum. Sauti nzito, kama ya ng'ombe anayejilaza zizini, ikapita chini ya skii zao na kwenda mbali. Theluji yote waliyoikanyaga ilishuka kwa unene wa kidole.

Wote walisimama.

"Mmesikia?" mwalimu aliuliza.

"Mlima umekohoa," Serafin alisema, lakini sauti yake haikuwa na mzaha.

Mzee Kassian aliizamisha fimbo yake. Iligonga pagumu, akasukuma, ikapenya, halafu ikazama yenyewe hadi mpini. Notburga aliiona ikizama. Hilo lilikuwa lile tabaka la sukari. Juu yake walikuwa wamesimama wao.

"Mzee," Serafin alisema taratibu, "mshumaa unawaka hata hapa."

"Babu yako hakufia hapa."

Serafin alitazama chini. "Tutavukia juu, karibu na mwamba," mzee alisema. "Mmojammoja. Mwenye mlima hutangulia."

Shuka ilikuwa nyeupe, nyoofu, haina hata unyayo wa sungura. Ng'ambo yake, mita mia moja hivi, kikanisa kilionekana hadi msalaba wake. Mzee alilegeza mikanda ya mkoba, akatoa mikono kwenye kamba za fimbo ili akiangushwa visimburute. "Mnitazame mimi, si miguu yenu," alisema. Akaingia.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Notburga aligeuka kando kama mtu anayetengeneza jaketi, akafungua zipu, akageuza kifaranga chake kwenye kutafuta. Kikalia. Serafin, mita tatu. Mwalimu, mita tano. Alikielekeza kwa baba yake, aliyekuwa hatua kumi na tano tu mbali, na kifaranga huyaona yaliyo mbali zaidi ya hapo mara mbili. Kioo kilionyesha watu wawili. Alikitikisa. Wawili.

Hakuwa na pengine tena.

Mzee alikuwa hatua ya ishirini, ya ishirini na tano. Akinyamaza, baada ya dakika tatu baba atakuwa ng'ambo, na hakuna atakayejua. Akimwita, atasimama, na kusimama katikati ya Shuka ni jambo alilolikataza mzee mwenyewe miaka thelathini. Isitoshe, kelele za nini mahali kama hapa? Zilikuwa hoja nzuri sana, na zote zilikuwa woga.

"Baba!" Sauti ilimtoka kama si yake. "Baba, kifaranga! Bado kinatafuta!"

Mzee alisimama. Aligeuza kichwa tu, mwili ukabaki ulivyo. Hata kutoka pale ukingoni Notburga aliliona lile jicho, jicho la masufuria, na kwa nukta moja alitamani angekuwa amenyamaza. Kisha jicho likabadilika. Mzee aliing'ata glavu ya mkono wa kulia, akautoa mkono, akafungua zipu, na mkono ukaingia kifuani.

Juu yake, chini ya mwamba, ufa mwembamba ukakimbia toka upande huu hadi ule. Haukutoa sauti. Halafu Shuka yote ikavutwa chini kama mtu anavyovuta shuka kitandani, na mzee yuko juu yake. Alionekana hadi kiunoni. Akaonekana kichwa. Hakuonekana tena.

Mngurumo ulipokwisha, hata upepo haukusikika. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema. Notburga alikuwa na kimya chake cha saa tatu nzima, na mshindo wake ndio ule.

"Mwisho ulimwona wapi?" alimpigia kelele Serafin.

"Pale! Chini ya jiwe jeusi!"

"Geuzeni vyenu visitume! Mwalimu, baki hapahapa, piga simu, halafu tazama juu. Likija poromoko la pili, piga yowe. Serafin, nifuate."

Waliteremka kwenye ardhi iliyochunwa, wakafika kwenye mabonge ya theluji yaliyosimama kama mawe ya nyumba iliyobomoka. Notburga alitembea akishika kifaranga mbele yake kwa mikono miwili. Kioo kilikuwa kitupu. Akapita jiwe jeusi. Kitupu. Mkono uliingia, aliuona ukiingia, lakini je, ulifika? Swichi ile ni ngumu hata kwa kidole chenye joto. Akasali kwa Mtakatifu Yosefu, akasali kwa marehemu mama yake, akamwomba msamaha yeyote aliyekuwa akisikiliza. Akaenda mita ishirini nyingine. Kioo kilikuwa kitupu bado, na yeye alianza kutoa sauti ndogo asiyoijua, ya mnyama.

Kisha kifaranga kikalia, mara moja. Thelathini na nne.

"Analia!" Notburga alipiga kelele. "Serafin, baba analia!"

Kumi na tisa. Kumi na moja. Akavua skii, akaendelea kwa magoti, kifaranga kikigusa theluji. Tatu. Mbili. Moja na nusu. Ikaanza kupanda, akarudi. Serafin aliunga ufito wake, akachoma mara ya kwanza, ya pili, na mara ya tatu ufito ukagota kwenye kitu ambacho si theluji wala si ardhi. Aliyewahi kuugusa mwili kwa ufito hahitaji kuambiwa mara ya pili.

Wakachimba. Theluji iliyokwisha kuporomoka hukauka kama saruji, na mabeleshi yaligonga, yakagonga. Notburga hakumwita baba yake, hakulia, alihesabu tu mabeleshi, kwa sababu akiacha kuhesabu angefikiria hewa. Dakika ya kumi na mbili ulitokea utosi, halafu uso, wa buluu, macho yamefumba, na glavu ingali mdomoni, imeng'atwa kwa meno. Pengine ndiyo iliyoizuia theluji isimjae kooni. Aliing'oa. Akasubiri. Alisubiri muda mrefu kuliko saa tatu zote za asubuhi ile, mpaka mzee akakohoa.

Mkono wake wa kulia walimkuta nao kifuani, kidole gumba juu ya swichi. Alikuwa amewahi.

Walipokuwa wakimfunika na kusubiri helikopta, Serafin akiwa kando anampungia mikono mwalimu kwamba mzee yu hai, mzee alifungua macho akamtazama binti yake.

"Ulijua tangu lini?"

Notburga aliusikia ule mto wa darajani masikioni mwake.

"Palepale, Baba. Palepale ukingoni."

Mzee alimtazama bado kidogo, kisha akafumba macho.

Alivunjika bega na mbavu tatu, na ncha za vidole viwili zilibaki hospitali. Bondeni Notburga akawa shujaa. Padri alimtaja kanisani, na baani hakuruhusiwa kulipia kinywaji chake. Kila sifa ilimchoma. Kila jioni alikunywa supu meza moja na baba yake, na ule uongo ukiwa umeketi nao kama ndugu wa tatu. Mzee hakuuliza tena. Ingekuwa heri kama angeuliza.

Siku ya Mtakatifu Yosefu ikarudi. Taarifa ilisema daraja la pili, na darajani walikuwa watu kumi na mmoja. Mzee Kassian alikuja na mshumaa uleule uliovunjika vipande viwili mwaka jana, ameuunga kwa utepe mweusi. Alikuja na kifaranga kilekile cha njano. Akasimama mwisho wa daraja, wakampita.

"Unalia. Unalia. Serafin, unalia."

"Mwaka huu nalia kwa furaha, mzee, mke kaenda kwa mama yake."

"Mwalimu, unalia. Burga, unalia."

Wakamalizika. Watu waliinama kukaza viatu vyao. Mzee akautazama mto, kifaranga mkononi, swichi ikiwa bado kwenye kutafuta, na mkono mwingine ukashika zipu.

Notburga hakujua kama amesahau au la. Hajui mpaka leo. Alijua tu kwamba watu kumi wanasikia.

"Baba," alisema. Ilitoka kama kwaruzo, akairudia. "Baba, zamu yako. Pita."

Watu waliacha viatu. Serafin alisimama na kamba mkononi. Mzee Kassian alimtazama binti yake, akageuza swichi kwa kile kidole kifupi, tak, akakirudisha kifaranga kifuani, akarudi hadi mwanzo wa daraja, na mbele ya macho ya wote akapita. Kifaranga cha Notburga, alichokigeuza kwenye kutafuta, kikalia mkononi.

"Unalia," alimwambia. Na kabla ujasiri haujamtoka, akamwinamia sikioni. "Mwaka jana nilijua tangu hapa. Nilikudanganya."

"Najua," mzee alisema. "Nilikuona ukiutazama mkono wangu. Nikakuuliza 'Nini?', huku naomba uniambie 'Hakuna'."

Mzee alivuta zipu hadi kidevuni, akamkabidhi mshumaa.

"Tangulia."

"Mimi?"

"Mwenye mlima hutangulia. Nenda, watu wanaganda."

Akarudisha kifaranga chake kwenye kutuma, akatangulia. Masikio yake yote yalikuwa chini, kwenye theluji, akisikiliza kama itaguna. Nyuma yake alimsikia baba yake akihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, hadi kumi, ndipo naye akaanza kupanda.